Disneyland Paris kwa siku moja: mwongozo kamili wa familia yenye bibi na mtoto mdogo

Anza na futi ya fundi cherehani. Kabla ya viza, kabla ya tiketi ya ndege, na kabla hujamwahidi mtoto yeyote kitu, msimamishe kila mmoja mgongo ukutani, bila viatu, umpime. Michezo mikubwa ya Disneyland Paris, bustani za michezo ya kupanda huko Ufaransa, haijali mtoto ana miaka mingapi. Inajali sentimita.

Binti yangu wa kwanza, miaka saba, tulipompima mwezi Machi alikuwa na 118. Mchezo aliokuwa akiuota, Star Wars Hyperspace Mountain, ule wa kurushwa gizani, unataka 120. Nikapiga mstari wa penseli kwenye fremu ya mlango wa jikoni, na tangu siku hiyo mtoto akawa anakula ugali kama analipwa.

Sisi tulikwenda Juni, wakubwa watatu na watoto wawili: mimi, mama watoto, mama yangu mzazi, binti huyo, na mdogo wake wa miaka minne. Tulifikia kwa kaka yangu, viungani mwa Paris. Haya ndiyo tuliyojifunza, kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya.

Hatua ya 1: Pima, ndipo uahidi

Vipimo vya kukumbuka ni vichache. Sentimita 102 zinamfungulia mtoto Big Thunder Mountain, treni ya mgodini inayopita chini ya maji kwenda kisiwani na kurudi. Ukitaka Hyperspace Mountain ni 120. Indiana Jones, wenye gari la kupinduka kichwa chini, ni 140. Kwenye bustani ya pili ya hapohapo, iliyofunguliwa mwaka 2002, Crush's Coaster ni 107 na Tower of Terror ni 102.

Aliye chini ya hapo hajakosa siku. Peter Pan's Flight, it's a small world, Pirates of the Caribbean, Dumbo, Phantom Manor na Buzz Lightyear Laser Blast havina kipimo cha urefu. Mwenye miaka minne anaweza kushinda Fantasyland, eneo la michezo ya watoto wadogo, kutwa nzima asiulizie kingine.

Na kama una siku moja tu, chagua bustani moja. Ile ya kwanza, yenye kasri la waridi, ambayo ipo tangu 12 Aprili 1992, inatosha na inabaki. Tiketi ya bustani zote mbili kwa siku moja ni ya vijana wenye miguu ya mbio. Ukiwa na bibi na kigari cha mtoto utailipia na usiitumie.

Hatua ya 2: Karatasi

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Ombi linapokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na siku kumi na tano kabla ndiyo mwisho kabisa. Usingoje mwisho. Kinachokwamisha watu ni nafasi ya kuonana na wapokea maombi, na karibu na likizo nafasi hizo huisha kama mikate ya futari. Ada tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mkubwa, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na chini ya miaka 6 hakuna ada. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuishi angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya.

Ukifikia kwa ndugu, mwambie mapema aende ofisi ya meya wa mji wake akatafute hati inayoitwa attestation d'accueil. Ni karatasi ya mwenyeji kukiri kwamba anakupokea na ana mahali pa kukulaza, na stempu yake ni euro 30. Inayotakiwa ni hati halisi, kwa hiyo mpe muda wa kuituma. Kaka alidhani picha ya kwenye simu ingetosha. Tukapoteza wiki mbili.

Kwa watoto, beba vyeti vya kuzaliwa. Akisafiri mzazi mmoja tu, yule anayebaki aandike barua ya ridhaa.

Ndugu zetu wa Uingereza, msijisahau. Kibali cha kuishi London hakikuingizi Ufaransa ukiwa na pasipoti ya Afrika Mashariki. Viza ni ileile, tofauti unaiombea hukohuko.

Hatua ya 3: Tarehe, kisha tiketi

Hapa Watanzania tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Likizo yetu ya Juni inaangukia wakati watoto wa Kifaransa bado wako darasani, maana shule zao hufungwa mwanzoni mwa Julai. Jumanne au Alhamisi ya katikati ya Juni ni siku njema. Jumatano iache, kwa kuwa shule nyingi za msingi za Ufaransa hazisomi siku hiyo. Iache pia Mei yenye sikukuu zake za tarehe 1 na 8 na ile Alhamisi ya Kupaa, kwa sababu watu huunganisha siku wakapata wikendi ndefu. Agosti, ambayo ndiyo likizo ya wenzetu wa Kenya, ni msongamano mtupu. Likizo yao ya mwisho wa mwaka inawafaa zaidi. Waende katikati ya Novemba, Wafaransa wakiwa wamesharudi kutoka likizo yao ya Oktoba, ila wabebe makoti ya kweli.

Tiketi inunuliwe kwenye tovuti ya bustani yenyewe, yenye tarehe. Bei hupanda na kushuka kwa siku, na kwa kawaida ukiwahi unalipa kidogo. Chini ya miaka mitatu ni bure, na miaka 3 hadi 11 wana bei ya watoto. Utakutana na miongozo ya zamani inayosifia FASTPASS ya bure ya kuruka foleni. Haipo tena. Kilichopo tangu 2021 ni Premier Access, unayolipia kwa kila mtu na kila mchezo. Kwa familia ya watu watano hesabu yake inatisha. Ukilazimika, nunua moja tu, kwa ule mchezo ambao mtoto asipoupanda mtasemana hadi Krismasi.

Hatua ya 4: Begi

Kitu cha maana kuliko vyote ndani ya begi letu kilikuwa kanga, doti mbili. Moja tuliifunga kwenye mpini wa kigari cha mtoto. Vigari huachwa nje ya kila mchezo, mamia kwa mamia, vyote vyeusi, na wahudumu huvisogeza sogeza kupanga nafasi. Wengine walikuwa wakizunguka na kuinama kusoma vibandiko. Sisi tulitafuta rangi nyekundu na maandishi ya Kiswahili, basi. Nyingine ilikuwa mkeka wakati wa gwaride, pazia mtoto alipobadilishwa nguo, na shuka baridi iliposhuka jioni.

Vingine: raba zilizokwisha kuzoea mguu, si mpya, koti la mvua la kila mtu hata kama asubuhi jua linawaka, chupa tupu za maji, kwani bomba la Ufaransa linanyweka na ndani kuna mabomba ya kunywea, pawabenki, kwa sababu tiketi, ramani na muda wa foleni vyote vimo kwenye simu, na chakula kidogo. Vitafunio vinaruhusiwa kuingia. Chupa za kioo na pombe haviruhusiwi, na kutandaza karamu kamili ndani ya bustani hakuruhusiwi pia, ila nje ya lango kuna mahali pa kulia. Chapati zilizokunjwa, mayai ya kuchemsha na karanga vilituokoa foleni mbili za mgahawa. Anayekula halali ajue kwamba ndani atategemea zaidi samaki na vyakula visivyo na nyama, kwa hiyo chapati hizo zina kazi ya ziada.

Mizigo mikubwa usibebe, na kama umetoka nayo uwanja wa ndege, makabati ya kulipia yako nje karibu na mlango.

Hatua ya 5: Treni, na kosa langu la Vincennes

Bustani iko kilomita kama 32 mashariki ya Paris, na huhitaji teksi. Treni ya RER A inakushusha kituo cha mwisho, Marne-la-Vallée – Chessy. Ukitoka juu tu umefika kwenye ukaguzi. Kutoka Châtelet–Les Halles, kituo cha katikati ya Paris, ni kama dakika 40. Tangu Januari 2025 tiketi ya treni mkoa mzima ni bei moja, ilianza na euro 2.50. Watoto wa miaka 4 hadi 9 hulipa nusu na chini ya minne hawalipi. Kila mtu awe na kadi yake ya kupakia tiketi, Navigo Easy, euro 2, kwa sababu kadi moja haipitishi watu watano. Itunze, maana hata kutoka kituoni mlango unaitaka.

Sasa sikiliza vizuri. RER A inapoelekea mashariki inagawanyika. Treni moja inakwenda Chessy, nyingine inakwenda Boissy-Saint-Léger, na zote zinapita jukwaa lilelile. Juu ya jukwaa kuna ubao wenye majina ya vituo na taa. Taa ya Chessy isipowaka, usipande. Mimi nilipanda. Nilikuwa nimemshika mama mkono, mlango ukaanza kulia, nikawaambia twendeni. Binti ndiye aliyesoma ndani ya behewa akaniambia, "Baba, Disney haimo humu." Tukateremka Vincennes, kituo cha mwisho ambacho njia zote mbili zinapita, tukasubiri inayofuata palepale. Ukipitiwa, dawa ni hiyo, lakini uwahi kabla hujapita Vincennes.

Anayetua uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle na kutaka kwenda moja kwa moja ana TGV, treni ya mwendo kasi, hadi Chessy kwa dakika kama kumi. Mabasi yapo pia.

Hatua ya 6: Saa mbili za kwanza ndizo siku yenyewe

Mlango mara nyingi hufunguliwa saa tatu na nusu. Saa yao husomeka 9:30, na mama aliposikia "tisa na nusu" alitaka kujua kwa nini tunamwamsha alfajiri kwa safari ya jioni. Wewe uwe kwenye ukaguzi saa tatu kasoro robo. Waliolala kwenye hoteli za Disney huingizwa karibu saa nzima mapema, usishangae kuwaona wenzako ndani.

Mlango ukifunguliwa, usisimame kupiga picha Main Street, barabara ya maduka ya pale mlangoni. Kasri halihami. Pita moja kwa moja hadi Peter Pan's Flight, Fantasyland. Ni mchezo wa kuruka juu ya London ya usiku ndani ya mashua ndogo, hauchukui watu wengi kwa mara moja, na foleni yake ikishanenepa saa nne haipungui tena hadi jioni. Sisi tulisubiri dakika 15. Saa sita mchana programu ya simu ilionyesha 70. Programu hiyo ni ya bure, ipakue mkiwa bado nyumbani, na uwe unaichungulia kila mnapomaliza mchezo: inakwambia dakika za foleni kila mahali.

Baada ya hapo gawanyikeni. Mama watoto alibaki Fantasyland na mdogo kwenye Dumbo, mimi na binti tukakimbilia Big Thunder Mountain. Na hapa kuna siri ambayo wazazi wengi hawaiulizi. Wote wawili mkitaka kupanda na mna mtoto asiyefika kipimo, mwambieni mhudumu wa mlangoni mnataka Baby Switch. Mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha mnabadilishana bila wa pili kupanga foleni upya.

Hyperspace Mountain? Tulikwenda. Kijana wa mlangoni akamsimamisha binti chini ya kipimo, akaushusha ubao. Rasta alizosukwa kwa juu makusudi zikabonyea. 119. Kijana akatikisa kichwa kwa upole, akaonyesha kwa kidole kimoja jinsi ilivyobaki kidogo. Kubembeleza hakusaidii, na wala usimfundishe mtoto kubembeleza. Kile chuma cha kumshika kifuani kimetengenezwa kwa mwili wa kipimo hicho. Tulivuka upande wa pili wa Discoveryland, eneo hilohilo la bustani, tukampeleka kwa Buzz Lightyear, akapiga shabaha kwa hasira zote alizokuwa nazo. Alinishinda mbali.

Hatua ya 7: Mchana, mpe bibi kiti

Vigari vya wagonjwa hukodishwa karibu na mlango. Nilimshauri mama tuchukue kimoja, akanitazama. "Nikodi ugonjwa kwa hela?" Basi ikabidi siku ipangwe kwa magoti yake, na nashukuru, kwani mtoto wa miaka minne na bibi wa miaka sabini wanachoka wakati mmoja.

Kwa watu hawa wawili bustani ina hazina. Ya kwanza ni treni ya mvuke inayoizunguka bustani yote, ina vituo vinne, na unakaa. Mama alizunguka mara mbili na mjukuu wake, akasema inamkumbusha Reli ya Kati, kilichokosekana ni wauza ndizi na mayai madirishani. Ya pili ni meli ya magurudumu inayozunguka mlima wa Big Thunder. Ya tatu ni joka chini ya kasri. Unashuka ngazi za pango, hakuna foleni wala kipimo, na huko gizani kuna joka kubwa la mitambo limefungwa mnyororo, linafungua macho na kunguruma. Mdogo aliingia ndani ya kanga ya bibi yake akabaki na jicho moja nje. Tulirudi mara tatu.

Mvua ikinyesha, na itanyesha, usikimbilie dukani. Nyuma ya maduka ya Main Street, pande zote mbili, kuna njia ndefu zilizoezekwa, Discovery Arcade na Liberty Arcade. Walizijenga wakijua hali ya hewa ya huko. Zina viti, na watu wengi hupita nje wakilowa bila kujua zipo.

Wanaosali wajipange mapema: Juni huko Adhuhuri huingia karibu saa nane mchana, na Magharibi karibu saa nne usiku. Sisi tulichukua ruhusa ya msafiri, tukatoka nje ya lango, tukatandika ile kanga ya pili, tukarudi. Kutoka na kuingia tena siku hiyohiyo kunaruhusiwa, tunza tiketi tu.

Hatua ya 8: Gwaride, na mtoto anayepotea

Gwaride la mchana huanzia Fantasyland na kuishia karibu na lango kuu. Anayelitaka akae dakika 30 kabla, mwisho wa njia, ambako watu ni wachache. Asiyelitaka akapande michezo, foleni hupungua muda huo.

Ni wakati huohuo watoto hupotea, kwa kuwa watu wote wanatazama upande mmoja. Mwandikie mtoto namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, ukianza na alama ya nchi, +255 au +254 au yoyote uliyonayo. Mpige picha asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo. Mwonyeshe beji ya jina wanayovaa wahudumu, umwambie: ukinikosa, tafuta mtu mwenye hii, usitembee. Watoto waliopotea hupelekwa karibu na mgahawa wa Plaza Gardens, ambako pia kuna huduma ya kwanza na chumba cha kunyonyeshea na kubadilishia nepi. Pitieni hapo mapema muone palipo.

Hatua ya 9: Usiku, amueni mapema

Onyesho la taa na fataki kwenye kasri husubiri giza, na Juni giza linachelewa. Maana yake mtamaliza karibu na saa tano usiku, watu maelfu wakielekea treni ileile. Kwa hiyo mambo ni mawili. Ama mtoke saa moja jioni mkiwa bado mnapendana, ama mtoto mdogo alale mchana ndani ya kigari na bibi aketi angalau saa mbili. Tulichagua la pili. Simameni upande wa nyuma, karibu na Main Street Station, kituo cha ile treni ya mvuke: kasri litaonekana dogo kidogo, lakini mtakuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Taa zikizimika, msingoje kununua kitu dukani.

Kurudi ni rahisi kuliko kwenda. Treni zote zinazotoka Chessy zinaelekea Paris, na za mwisho huondoka usiku wa manane umeshaingia, ila angalieni ratiba ya siku hiyo kwa sababu matengenezo ya reli hufanywa usiku. Kaeni behewa la mbele kabisa, wengi hujazana la karibu na ngazi. Hesabuni vichwa, hesabuni kadi. Kadi ya mama tulikuja kuitafuta kwenye mlango wa kutokea, tukapekua begi zima, tukakung'uta kigari. Ilikuwa kwenye pindo la kanga, imefundikwa pamoja na karanga.